KONA YA MWALIMU: Andaa njia, usiandae mwisho

Toleo lililopita tuliongea juu ya kusoma nyumbani wakati taa haitoshi, na tunawashukuru wote waliotuambia vile imewasaidia.

Mwezi huu tunajibu swali ambalo tumeulizwa na wazazi wengi, wengine kwa upole na wengine kwa ukali kidogo. Swali lenyewe ni hili: hao watoto wanaokaa chini ya mwembe kila Jumamosi jioni, na vizibo vya soda na dadu na katoni iliyochorwa mistari, wanafanya nini saa mbili nzima? Ni kamari? Ni ludo? Na mbona saa zingine wananyamaza kabisa kama wako kwa mtihani, halafu mara moja wanapiga kelele kama goli limeingia?

Jibu fupi: si kamari. Hakuna pesa, hakuna hata peremende. Jibu refu ndilo ukurasa wa leo, na tunaliandika kwa sababu tunataka vijana wengine wajifunze kuuongoza huo mchezo, hata nyumbani, hata sisi tukiwa hatupo.

MCHEZO WENYEWE NI UPI?

Ni mchezo wa kuigiza mezani. Mtu mmoja ni mwongozaji. Wengine, wanne au watano, kila mmoja anachukua mhusika wake: huyu ni dereva wa bodaboda, huyu ni muuguzi, huyu ni mama muuza samaki. Mwongozaji anasimulia wako wapi na wanaona nini. Halafu anauliza, "Mnafanya nini?" Wao wanashauriana, wanaamua, wanasogeza vizibo vyao kwenye ramani. Pale ambapo jambo ni gumu, dadu inasema kama limewezekana. Basi hadithi inaendelea kutoka hapo. Hakuna anayejua itaishia wapi, hata mwongozaji.

Mchezo wa namna hii uliojulikana kwanza duniani ulitolewa Marekani mwaka 1974, unaitwa Dungeons & Dragons, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Wao walikuwa wanacheza michezo ya vita vya mezani, yenye sanamu ndogo za askari. Hiyo nayo ilikuwa na babu yake: mwaka 1824 afisa mmoja wa jeshi la Prussia, ambayo sehemu yake leo iko Ujerumani, aitwaye von Reisswitz, alitoa sheria za mchezo wa ramani wa kuwafundisha maafisa kupanga vita. Katikati ya wachezaji alikaa mwamuzi. Huyo mwamuzi ndiye aliyekuja kuwa mwongozaji wetu wa leo.

Lakini tusidhani kwamba hiki ni kitu cha wageni tu. Sisi tunauona kama mtoto wa wazazi wawili tunaowajua. Baba yake ni bao, lile la mashimo 32 na kete 64, ambalo ndugu yake kwa Waganda ni omweso. Mchezaji wa bao haendi tu, anahesabu: nikila hapa, yeye atanila wapi? Mama yake ni hadithi ya jioni. Bibi akisema "Paukwa!" nasi tunajibu "Pakawa!", tayari tumekubali kuingia naye safarini. Tofauti ni moja tu. Katika hadithi ya bibi, sungura anafanya anachotaka bibi. Katika mchezo huu, sungura ni wewe.

KWA NINI TUMECHAGUA MASINYA

Michezo ya wageni imejaa majoka na ngome za mawe. Watoto wetu hawajaona ngome. Kwa hivyo tuliamua mchezo wetu ukae mahali ambapo wazazi wao wanapajua, yaani upande wa mpakani, Busia na Tororo.

Wasomaji wa hapa Kiryandongo wanajua historia hii, lakini kwa vijana tutaisema tena. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 na fujo zilizofuata, maelfu ya watu walivuka kuingia Uganda Januari 2008, wengi kupitia Busia na Malaba. Walipelekwa kambi ya muda ya Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huo waliobaki wakaletwa huku Kiryandongo. Wengine wetu tulivuka tukiwa wadogo, tumebebwa mgongoni. Wadogo zetu wamezaliwa hapa hapa. Mpaka wanausikia kwa masikio tu.

Masinya ni gombolola katika wilaya ya Busia, upande wa Uganda. Wilaya yenyewe ilikatwa kutoka Tororo mwaka 1997. Ni nchi ya mashamba ya mihogo, mtama na mahindi, ya njia nyembamba na baiskeli. Na baiskeli ni jambo kubwa pale, kwa sababu neno bodaboda tunalolitumia kote leo lilizaliwa mpakani huko. Kabla pikipiki hazijajaa, vijana wa baiskeli walikuwa wanabeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi boda nyingine, na wakiita wateja wanasema "Boda! Boda!" Watoto walipoambiwa hivyo walifurahi sana. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo sisi ni watu wa mahali ambapo bodaboda ilizaliwa?" Ndiyo, mwanangu, ndiyo.

Uzuri wa kuchagua mahali pa kweli ni kwamba maandalizi yanaanzia kwa wazee. Ukitaka kuchora soko, lazima umwulize mama: wauza dagaa walikaa upande gani? Njia ilikuwa na matope au mchanga? Mwamba wa Tororo ulionekana kutoka wapi? Tumeona bibi ambao hawapendi kabisa kuulizwa juu ya 2008 wakiongea saa nzima juu ya bei ya mihogo na vile njia za panya zilivyopita katikati ya mashamba.

KUANDAA KIKAO: NUSU UKURASA INATOSHA

Hapa ndipo vijana wengi wanaotaka kuongoza wanachoka bure. Wanaandika kurasa kumi, kama mchezo wa kuigiza wa shule, kila mtu na maneno yake, mpaka mwisho. Halafu watoto wanakaa chini, na katika dakika ya tano wanaamua kwenda upande mwingine. Mwongozaji anakasirika: "Hapana, hamuwezi kwenda huko!" Hapo mchezo umekufa. Watoto wamejua kwamba hawaamui chochote, wanavutwa tu kama mbuzi kwa kamba.

Tafadhali tulielewe vizuri hilo jambo. Mtoto wa kambini hachagui mengi. Anakula kilichogawiwa, siku iliyopangwa. Anasoma darasa lililopo. Anasimama foleni. Hata jina la mahali anapokaa ni la klasta tu. Kama kwenye mchezo nako tutampangia mwisho wake, tumemfundisha kitu gani kipya? Kwa sababu hiyo tuna neno moja tunalowaambia waongozaji wote: andaa njia, usiandae mwisho.

Tunaandaa mambo sita, na yote yanaingia kwenye nusu ukurasa wa daftari.

1. Swali moja. Kikao chote kinajibu swali moja linaloeleweka. Mfano wetu: je, kisanduku cha chanjo kitafika zahanati ya Masinya kutoka mjini Busia kabla barafu haijayeyuka? (Zahanati ni ya kubuni, lakini barafu ni jambo la kweli: chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, la sivyo zinaharibika.)

2. Mahali patatu. Kwetu ni soko la mjini, kinamasi kilichojaa maji baada ya mvua, na njia panda yenye kizuizi cha gogo. Kila mahali andika vitu viwili tu ambavyo mtu ataviona na kimoja atakachonusa au kusikia. Harufu ya samaki inatosha kumpeleka mtoto sokoni kuliko sentensi ishirini.

3. Watu watatu. Hili ndilo muhimu kuliko yote. Kwa kila mtu andika mambo mawili: anataka nini, anaogopa nini. Usiandike atakachosema. Ukijua anachotaka na anachoogopa, maneno yatakuja yenyewe.

4. Matatizo bila majibu. Kwa kila tatizo hakikisha kuna njia mbili angalau unazoweza kuziona wewe. Halafu jiandae kuikubali ya tatu ambayo hukuiona.

5. Saa. Bila saa hakuna wasiwasi, na bila wasiwasi hakuna haja ya kupanga. Sisi tunatumia kokoto 10 ndani ya kikombe. Wachezaji wote wakishapata zamu, hiyo ni raundi moja, na kokoto moja inatoka. Kikombe kikiwa kitupu, barafu imeyeyuka.

6. Ramani. Upande wa nyuma wa katoni, miraba 12 kwa 12. Chora njia, maji, miti na nyumba. Wachezaji ni vizibo vya soda, vile vile vya kuchezea drafti. Kisanduku cha chanjo ni punje ya mahindi iliyowekwa juu ya kizibo cha anayekibeba.

Hesabu ya saa msiifanye kwa kubahatisha. Kwenye ramani yetu njia fupi ina miraba 20. Kizibo kinakwenda miraba 4 kwa zamu, maana yake raundi 5 kama hakuna tatizo hata moja. Kwa hivyo kokoto 10 zinawaachia raundi 5 za matatizo. Ukiweka 6, karibu kila mara watashindwa na watakata tamaa. Ukiweka 20, hakuna atakayeangalia kikombe.

SHERIA KWA UFUPI

Sheria zetu ni chache, tumezipunguza ili hata mtoto wa darasa la nne azishike.

Kila mchezaji ana kadi yenye jina la mhusika, kazi yake, na namba tatu: Nguvu, Akili na Maneno. Moja anaipa 3, nyingine 2, ya mwisho 1. Hakuna aliye hodari kwa yote, na hilo tumelifanya makusudi.

Kwa zamu yako unaweza kwenda miraba 4, au kwenda miraba 2 na kufanya tendo moja. Tendo rahisi linafanyika tu, hakuna dadu. Tendo lenye mashaka, unatupa dadu moja ya ludo na kuongeza namba yako. Jambo la kawaida linataka 4, jambo gumu linataka 6, jambo gumu sana linataka 8.

Mwenzako akiwa mraba wa jirani, anaweza kutumia tendo lake kukusaidia, unaongeza 1. Wakisaidia wawili, unaongeza 2. Hiyo sheria ndogo ndiyo inayofanya mchezo uwe wa mbinu. Mwenye Nguvu 1 hawezi kufika 8 peke yake, hata dadu ikitoa 6 anapata 7 tu. Akisaidiwa na mmoja, inawezekana. Lakini anayesaidia hawezi wakati huo huo kulinda baiskeli, wala kwenda mbele kuangalia njia. Basi watoto wanalazimika kupanga: nani akae wapi, nani aache nini. Huko ndiko kule kunyamaza mnakokusikia.

Na hakuna kufa. Anayeumia anachoka, anakwenda miraba 2 badala ya 4 mpaka apumzike raundi moja. Watoto wetu habari za kufa wameshazisikia za kutosha.

SIKU YA KINAMASI

Tuwape mfano mmoja ili muone vile maandalizi yanavyofanya kazi.

Wachezaji walikuwa watano, wasichana watatu na wavulana wawili. Wawili ni wa familia za Kenya, watatu ni wa familia za Sudan Kusini, kwa hivyo lugha ilikuwa Kiswahili, Kiingereza kidogo na Kiarabu cha Juba kidogo. Walifika kinamasi na kokoto 6 kwenye kikombe. Maji yamefunika njia.

Kwenye daftari tulikuwa na njia mbili. Kuzunguka: miraba 12 zaidi, maana yake kokoto 3. Au kusukuma baiskeli ndani ya maji: gumu sana, 8, na wakishindwa kisanduku kinaingia maji na kokoto 2 zinatoka. Wavulana walitaka maji. Msichana mkubwa alitaka kuzunguka. Walibishana mpaka mmoja akasimama.

Kulikuwa na msichana mdogo ambaye kwa vikao viwili alikuwa akisema "sawa tu" na kusogeza kizibo alipoambiwa. Kwenye kadi yake alijipa Maneno 1. Sasa akauliza polepole, "Yule mama anayekata mafunjo, yeye anavuka na nini?"

Kwenye daftari huyo mama alikuwa na mistari miwili tu. Anataka: kufikisha mikeka yake sokoni kabla ya giza. Anaogopa: kulaghaiwa, kwa maana alishawahi kulaghaiwa. Mtumbwi hatukuwa tumeuandika. Lakini mtu anayekata mafunjo kila siku lazima ana njia yake, ni jambo la akili tu. Mwongozaji akajibu, "Ana njia ya magogo chini ya maji. Yeye na wenzake wanaijua, nyinyi hamuioni."

Msichana akafikiri. Akasema, "Mimi nitamwambia: mama, tupitishie kisanduku kichwani, na sisi tutakubebea mikeka kwa baiskeli mpaka sokoni tukirudi."

"Na yeye anaogopa kulaghaiwa," mwongozaji akasema. "Ni jambo gumu. Unahitaji 6."

Maneno 1. Peke yake alihitaji dadu itoe 5 au 6. Wenzake wakaangalia ramani. Wawili walikuwa jirani naye, lakini mmoja wao ndiye aliyekuwa analinda baiskeli. Akiziacha, lolote linaweza kutokea. Aliziacha. Mwingine akasema atamwachia mama pampu yake ya baiskeli kama dhamana. Sasa msichana alihitaji 3 tu. Dadu ikatoa 3.

Kelele mliyoisikia siku hiyo ilikuwa hiyo.

Walivuka kwa kokoto 1 badala ya 3. Njia panda iliwachukua kokoto zingine, na kisanduku kikafika na kokoto moja kikombeni. Baadaye tulimwuliza msichana wazo lile alilipata wapi. Akasema bibi wa jirani, ambaye ni mtu wa Busia, aliwahi kumwambia kwamba akina mama wa mpakani walikuwa wanapitisha mzigo kichwani mahali ambapo gari haliwezi.

Tungekuwa tumeandika mwisho, yule msichana angeendelea kusema "sawa tu". Na kama tungeandika maneno ya yule mama badala ya haja yake, tusingejua la kumjibu. Mistari miwili ilitosha.

WAKATI WA KUONGOZA

Kwa vijana wanaotaka kujaribu, haya ndiyo tunayoyashika.

Anza kwa kusema wako wapi, swali la leo ni lipi, na kokoto ni ngapi. Usizidi dakika tatu. Ukisimulia sana, mawazo yao yanakwenda kwa uji.

Zamu ianze kwa mdogo kuliko wote. Wakubwa wakianza, wadogo watafuata tu.

Mtoto mwenye sauti kubwa usimnyamazishe mbele ya wenzake. Mwulize, "Na mhusika wako yuko mraba gani?" Mara nyingi yuko mbali, na ushauri wake hauwezi kusikika huko aliko. Ramani inamnyamazisha kwa haki, si wewe.

Wakitoa wazo ambalo hukulitegemea, usiseme hapana haraka. Jiulize: katika dunia hii inawezekana? Kama ndiyo, sema bei yake. "Inawezekana, lakini itakula kokoto moja." "Inawezekana, lakini mtaacha baiskeli." Wazo zuri linastahili bei ya haki, si ukuta.

Dadu ikianguka vibaya, hadithi isisimame. Usiseme "umeshindwa" na kunyamaza. Sema kilichobadilika: tairi limepasuka, mtu wa kizuizi amewaona, mvua imerudi. Kushindwa kuwape uamuzi mpya.

Na wakishindwa kabisa, wacha washindwe. Kikombe kikiisha, kimeisha. Kuna kikao ambacho barafu iliyeyuka nao wako miraba mitatu tu kutoka zahanati. Walitusihi kokoto moja zaidi. Hatukutoa. Walikaa wakahesabu wenyewe, wakaona kwamba kokoto mbili zilipotelea sokoni, kwenye ubishi wa nani abebe kisanduku. Jumamosi iliyofuata walijigawia kazi kabla hata katoni haijafunguliwa. Hilo somo lisingeingia kwa mdomo wetu.

Mwisho, acheni dakika kumi za kuongea. Tunauliza maswali mawili tu: uamuzi gani ulikuwa mgumu, na nani alikusaidia bila kuombwa?

MAMBO TUSIYOYAWEKA MEZANI

Mzee mmoja alikuja akasimama nyuma yetu, akaangalia ramani muda mrefu. Halafu akasema, "Walimu, njia hiyo mimi niliipita mwaka 2008 na mtoto mgongoni. Nyinyi mmeifanya mchezo?"

Swali hilo ni la haki na hatutaki kulificha. Tulikaa naye, tukamweleza mambo ambayo tumekubaliana hayatakuwepo kamwe. Hakuna kabila kwenye kadi. Hakuna adui ambaye ni watu fulani. Maadui wetu ni mvua, saa, njaa, njia mbovu, na tamaa ya mtu mmoja mmoja. Hakuna bunduki. Hakuna kikao cha kukimbia vita au kuchomewa nyumba, hata watoto wakiomba. Na mtoto yeyote akigeuza kizibo chake juu chini, tunaruka jambo hilo papo hapo, haulizwi sababu. Mara mbili kizibo kimegeuzwa: mara moja kwa moto, mara moja kwa maji ya usiku. Tuliruka, tukaendelea.

Michezo hii ilitoka kwa watu waliofundisha vita, tumesema hapo juu. Sisi tumechukua ramani, zamu na mwamuzi, vita tumeviacha huko huko. Kupanga pamoja, kuhesabu wakati, kujua nani akae wapi, hayo yanafaa kwa kupeleka chanjo kama yanavyofaa kwa kupeleka askari.

Mzee alisikiliza. Alisema mjukuu wake anaweza kuja, yeye mwenyewe hataangalia. Tunamheshimu. Wazazi wengine ambao wanaona vivyo hivyo, tafadhali tuambieni, mtoto hatalazimishwa.

KAZI YA NYUMBANI KWA FAMILIA

Tunahitaji vitu hivi: vizibo vya soda, katoni safi, chaki, na dadu kama mtu ana seti ya ludo iliyopotea vipande. Dadu mpya zinapatikana sokoni Bweyale, lakini za zamani zinatosha kabisa.

Tunahitaji pia waongozaji, hasa wasichana. Sasa hivi tuna wavulana wengi kuliko wasichana, na si kwa sababu wasichana hawawezi, ni kwa sababu Jumamosi jioni wako kwa maji na kupika. Wazazi, mkiweza kumwachia binti saa mbili kwa wiki, tutashukuru, na mtamsikia mwenyewe akisimulia usiku.

Na kwa wazee wetu ombi moja. Wiki hii mwambie mtoto jambo moja juu ya njia unayoijua. Si lazima iwe ya Busia. Iwe ya Magwi, ya Eldoret, ya popote. Usimwambie yote. Mwambie tu palikuwa na mti gani penye kona, nani aliuza nini chini yake, na mvua ikinyesha watu walipita wapi. Yeye ataileta Jumamosi, nasi tutaichora.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya mitihani ya darasa la saba na vile familia inaweza kusaidia bila kumtia mtoto hofu. Mpaka hapo, mbaki salama.

Wenu, walimu wa kujitolea.